Ngozi si nta

Mikindani, Mtwara
9 Novemba

Shoga yangu Somoe,

Sisi wazima, ila joto na nzi wa mabibo wanatutoa roho.

Najua umeninunia. Mwanao Rehema kang'atwa bombani, mimi ndiye niliyesomea meno, na sikumtaja mtu. Sasa sikiliza.

Dada yako alimleta na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, askari nyuma yao. Alama iko juu ya kiwiko: vipinde viwili vinatazamana, katikati pamevilia damu. Askari akanionyesha kidole: "Daktari, hapa pana nafasi, na mtuhumiwa ana mwanya." Mwanya! Wewe unao, dada yako anao, nusu ya wari tuliochezwa nao unyago wanao. Nikamwambia Rehema akunje mkono. Ile nafasi ikajifumba. Akaunyoosha, ikarudi. Askari kimya.

Kule Marekani, Ray Krone alihukumiwa kifo mwaka 1992, meno yake ya mbele yamepanda hovyo, na mtaalamu akasema ndiyo yaliyomng'ata mhudumu wa baa aliyeuawa Phoenix. Kesi ikarudiwa, akatiwa hatiani tena, safari hii kifungo cha maisha. Mwaka 2002 ndipo vinasaba vya mate na damu kwenye nguo ya marehemu vilipomtaja mwanamume mwingine kabisa. Zaidi ya miaka kumi jela, kwa meno! Na mwaka 2022 taasisi yao ya vipimo na viwango, NIST, ilipitia utafiti uliopo ikaona fani hii ya kumtambua mtu kwa alama za meno haina msingi wa kutosha wa kisayansi. Nami niape kwa lipi?

Mate ndiyo yangesema. Lakini dada yako, kwa huruma zake, alikuwa ameshamkanda mtoto kwa maji ya chumvi. Nilipangusa hivyo hivyo, pamba mbichi kwanza, kisha kavu, nikampa askari kwa ajili ya Mkemia Mkuu, na picha nikapiga rula ikiwa pembeni. Kwenye fomu nimeandika: jeraha linaloelekea kuwa la kung'atwa na binadamu. Basi. Askari aliikunja kama risiti ya deni.

Kidonda kilikuwa kimechanika kidogo, kachomwa sindano ya pepopunda na dawa kapewa. Mhimize azimalize, mdomo wa mtu una uchafu kuliko unavyodhani.

Korosho kilo mbili, zimebanguliwa, nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi. Kazipokee Mbagala, hata kama bado umenuna.

Wako,
Zainabu