Malalamiko Kuhusu Safari ya Boti Ziwa Naivasha

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

MINT: SAFARI YA BOTI NA MATEMBEZI YA JUMAMOSI ILIYOPITA

Nilizilipia huduma zenu shilingi 14,000 kwa ajili ya watu sita, wawili wao wakiwa watoto. Stakabadhi mliyonitumia inataja saa nzima ya kuzunguka ziwani kuanzia saa tisa alasiri, kisha matembezi ya kuongozwa Crescent Island, ambako watoto walitamani sana kutembea kwa miguu karibu na twiga na punda milia.

Tulifika gatini saa nane unusu. Boti ilipatikana saa kumi na moja kasorobo, pasipo mtu kutuomba radhi, na abiria watatu tusiowafahamu wakaongezwa ingawa ubavuni imeandikwa kwamba inabeba watu saba. Jaketi za kujiokolea zilikuwa za watu wazima pekee. Ile aliyopewa binti yangu wa miaka sita ilimfika magotini, na kwa kuwa kifungo chake kilikuwa kimevunjika, nahodha aliifunga kwa kipande cha kamba ya katani, akaniambia nimshike mtoto mkono. Tangu ziwa lilipofurika mwaka wa 2020, migunga mingi imekauka ikiwa imesimama majini, na visiki vingine havionekani mpaka boti ivigonge.

Nahodha alipompigia furukombe mbinja na kumrushia samaki, tulifurahi, na hilo sitawanyima. Baadaye, hata hivyo, alizima mashine hatua chache kutoka kwenye mafunjo walimokuwa viboko, ili abiria wapige picha. Kiboko mmoja alifoka, akazama, tusijue ataibukia wapi. Na mashine ilikataa kuwaka mara mbili kwa sababu gugu maji lilikuwa limejisokota kwenye propela.

Baada ya dakika 35 tulirudishwa gatini, tukaambiwa kwamba matembezi hayawezekani kwa kuwa viboko wanakaribia kutoka kwenda malishoni. Sikubisha, maana ndiyo desturi yao jioni. Ila aliyetuchelewesha si kiboko.

Naomba mnirudishie nusu ya malipo katika muda wa siku 14, pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu abiria wa ziada na umbali ambao manahodha wenu wameagizwa kuuweka kati ya boti na viboko. Jaketi za watoto zinunuliwe kabla mtoto mwingine hajapandishwa botini. Nimeambatisha nakala ya stakabadhi na picha ya ile jaketi yenye kamba.

Wenu mwaminifu,
Mteja