Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: sisi matingo mtutambue

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kurasini, hapa tunaposubiri kontena za bandarini. Ombi langu ni moja, mafunzo ya leseni daraja E, ile ya malori makubwa, yafanyike na semi yenye tela na mzigo, na utingo anayejifunza njiani atambuliwe rasmi.

Mimi nimesoma chuo kimoja hapa mjini, sikitaji. Ada nimelipa yote, gari tuliyofundishiwa ilikuwa Fuso tupu haina tela, tunazunguka uwanjani hukohuko, unashika usukani dakika chache unashuka anapanda mwenzio. Leseni nimepata. Lakini semi ni kitu kingine kabisa mheshimiwa, ukipiga rivasi ukitaka tela liende kulia inabidi ukate usukani kushoto, ukichelewa kurudisha tu kichwa kinajikunja kinagonga tela. Na ule mteremko wa Kitonga kule Iringa, gia ndogo inapangwa kule juu kabla hujaanza kushuka, unawasha breki ya injini, mguu hauruhusiwi kulala kwenye breki maana zikichemka hazishiki tena na upepo wa breki unazidi kupungua, na nyuma una kontena linakusukuma. Hayo nimefundishwa na mzee niliyekuwa utingo wake, tukiwa njiani kwenda na kurudi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Chuoni hakuna aliyeyagusa.

Sasa matajiri wenye malori wanataka uzoefu wa miaka, na uzoefu wa utingo hauandikwi popote. Kwa hiyo vijana wanapewa usukani kwa kuibia, usiku, dereva amechoka amelala nyuma, hilo linanitisha sana kwa kweli.

Chuo cha usafirishaji NIT kipo Mabibo, chuo cha ufundi VETA kipo Chang'ombe, na makampuni yana semi kuukuu zinaozea yadi. Zichukuliwe zifundishie. Utingo mwenye leseni ya kujifunzia apewe kitabu, dereva wake asaini kila safari: kaendesha wapi, mzigo tani ngapi, mchana au usiku, dereva mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake au la. Halafu trafiki wamtahini na tela, kwenye mteremko wa kweli, sio uwanjani.

Tuma mtu wako Kurasini asubuhi mapema kabla foleni haijaanza kusogea. Wazee waliozeeka kwenye barabara ya Zambia na Congo wapo, nimeshaongea nao, wako tayari kukaa naye wamueleze.