Mama Nimo, nimekawia kukujibu

Mama Nimo wangu,

Meseji yako ya saa nane usiku niliiona asubuhi nikiwa kwa matatu hapo Jogoo Road, tumekwama kama kawaida, nikaisoma mara tatu nikakosa la kusema nikarudisha simu kwa mkoba, na sasa wiki mbili zimeisha. Nisamehe. Hilo swali lako si la kujibiwa na emoji. Umeuliza hivi, kama Mungu alikuwa ashaamua mathe wako atakufa tulikesha tukiomba ya nini, na kama alikuwa hajaamua mbona akaamua hivyo.

Wacha nianze na kitu hatujawahi kukiongea mimi na wewe. Ile kesha ilikuwa moja. Ijumaa moja, mvua ikipiga mabati ya kanisa mpaka pasta anapiga nduru juu stima ilikuwa imepotea na maiki imekufa, mathe wako amekaa pale nyuma na kikohozi chake, ananiona natetemeka ananirushia leso yake. Tuliombea yeye na tukaombea ndugu yangu aliyeanguka na nduthi, majina mawili kwa karatasi moja, na la mathe ndilo lilikuwa juu. Leo ndugu yangu anatembea na mkongojo Donholm akisumbua watu, na mathe tulimzika Aprili. Kila nikikuona nasikia haya, kama mtu amepewa chenji ya mwenzake na konda halafu akanyamaza.

Na yule aliyekuambia kwa matanga ati imani yenu ilipungua, aki huyo nilitaka kumrushia flaski ya chai.

Sasa hii maneno ya Mungu kubadilisha nia. Nimeichimba hizi wiki mbili, na Biblia yenyewe haituhurumii. Fungua 1 Samweli 15. Mstari wa 11 Mungu anasema anajuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29 Samweli anasema Mungu hawezi kujuta, yeye si mwanadamu. Shuka tena mpaka wa 35, amejuta. Sura moja! Na Kiebrania ni neno lile lile mara zote tatu, naham, neno ambalo pia ni la kufarijiwa, ndio jina Nehemia limetoka huko. Aliyeandika hakuwa mjinga asione, aliziacha zote mbili hapo makusudi, ndivyo mimi naona.

Jirani yangu Mkatoliki, yule katekista, ananiambia hii ilimalizwa zamani na Tomaso wa Akwino, miaka ya 1200 huko. Ati hatuombi ndio tubadilishe mpango wa Mungu, tunaomba ndio tupate yale Mungu alipanga yapatikane kwa maombi. Kwa hivyo kuomba kwenyewe kuko ndani ya mpango. Nimeielewa, ni safi kabisa, lakini sioni mtu akiambiwa hivyo kwa wodi saa nane usiku. Halafu kuna wengine, wasomi 5 wa huko Marekani na Kanada, Clark Pinnock na wenzake, waliandika mwaka wa 1994 wakasema kesho bado iko wazi hata kwa Mungu, anaamua akitusikiliza. Hiyo inanivutia halafu inaniogopesha, sijui kama naweza kulala vizuri nikiiamini.

Kitu imenishika ni Kutoka 32. Ndama wa dhahabu, Mungu amekasirika, anamwambia Musa, "Basi sasa niache, hasira zangu ziwake juu yao." Niache. Kwani Musa alikuwa amemshika wapi? Musa hata alikuwa hajafungua mdomo! Unakumbuka shosho yako tukiwa wadogo, vile mathe alikuwa anachukua mwiko anasema "niachilieni huyu mtoto leo nimmalize" na hakuna mtu amemgusa, na anasema kwa sauti kubwa akiangalia mlango wa shosho? Alikuwa anaita mtu aje aingilie. Na shosho anatoka pole pole na kitambaa chake kichwani, "wewe, huyo ni mtoto wa nani kama si wako?" Sasa soma Musa anasema nini, ni maneno ya shosho matupu, hawa ni watu wako wewe, Wamisri watasema nini, kumbuka uliapia Ibrahimu. Na mstari wa 14 Mungu akaghairi. Mimi siwezi kuambia mtu kama nia ilibadilika ama mlango uliachwa wazi tangu mwanzo. Lakini naona anayetaka kuzuiwa, na sijui Mungu mwingine wa kuombea usiku kucha isipokuwa wa namna hiyo.

Halafu ngoja, usinirukie, najua utasema shosho wetu hakutoka. Ndiyo. Huyo huyo Musa alipojiombea mwenyewe avuke Yordani aone nchi, Kumbukumbu la Torati 3, aliambiwa nyamaza, usiniambie tena hiyo habari. Musa! Utamwambia naye imani ilipungua? Na Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kiondolewe, akarudi akaomba maneno yale yale, na kikombe kikabaki. Mfalme Hezekia naye aliambiwa atakufa, alilia akaongezewa miaka 15, nabii Isaya aliyemletea habari hata hajatoka uani, na ukipiga hesabu mtoto wake Manase amezaliwa ndani ya hiyo miaka, mfalme mbaya kuliko wote, Yeremia anasema Yuda iliangamia juu yake. Sisemi hiyo ndio ikufariji, hainifariji hata mimi, ndugu yangu amepona na siku zingine ananikasirisha mpaka nashangaa tulikuwa tunalia nini.

Kwa hivyo sina jibu la mbona akaamua hivyo. Ile ya tulikesha ya nini, hapo naweza kukwambia mimi nilikesha juu mathe wako aliniita mtoto wake tangu darasa la nne, na singejua mahali pengine pa kumpeleka ile usiku.

Kanisani usirudi kama hutaki, sitakusumbua. Lakini ile leso bado niko nayo. Niliifua mara moja tu, nikaikunja, iko juu ya kabati kwa ile karatasi ya supamaketi. Jumamosi nashuka kwa steji yenu mchana hivi, weka maji ya chai.

Wako,
Mama Kibe