Hiyo 0.40 isitupeleke puta

Mhariri,

Makala yenu inasema kupunguza wanafunzi darasani ni kuchoma hela bure, eti athari yake kwenye alama za wanafunzi ni 0.21 tu na haifiki ile 0.40, kiwango ambacho mbinu ya kufundisha ikikikosa inahesabiwa imefeli. Nikasema hii siiachi ipite hivihivi, maana mi nafundisha na hizo namba nimezichimba kidogo.

Hiyo 0.40 ni ya mtafiti wa elimu John Hattie, kitabu chake cha 2009, alikusanya meta-analisisi (yaani kazi zinazounganisha matokeo ya tafiti nyingi) zaidi ya 800 akatafuta wastani wa athari zote. Meta-analisisi yenyewe sina ugomvi nayo, tangu mtafiti Gene Glass alipoipa jina 1976 imesaidia sana, utafiti mmoja unaweza kukuingiza mkenge ila hamsini siyo rahisi.

Ngoma iko kwenye kipimo. Unachukua tofauti ya alama kati ya makundi mawili, unagawa kwa mtawanyiko wa alama, yaani jinsi alama za wanafunzi zinavyopishana. Haya, tuseme mbinu fulani imewapandisha wanafunzi alama 5. Ukiwa umepima wanafunzi wanaolingana uwezo, mtawanyiko 10, unapata 0.50. Ukipima mchanganyiko, wakali na wanaosuasua humohumo, mtawanyiko 20, alama ni 5 zilezile lakini unapata 0.25. Yaani mbinu moja hapa imefaulu pale imefeli, na hakuna aliyejifunza zaidi ya mwenzake! Halafu mtihani ukitungwa na mtafiti mwenyewe namba inapaa, watafiti Cheung na Slavin walionyesha 2016 kwamba inakuwa karibu mara mbili ya ile ya mitihani huru. Na umri je? Kwenye mitihani ya kusoma ya Marekani mtoto anayeanza shule anapanda zaidi ya 1 kwa mwaka kwa kipimo hichohicho, anayekaribia kumaliza sekondari hafiki hata 0.20, sasa hiyo 0.40 ni ya nani hapo? (Tafiti zilizokosa matokeo zikaishia kwenye droo sizigusi, tutakesha.)

Kwa hiyo kuweka kwenye ligi moja jaribio la wiki tatu lenye mtihani wa kujitungia na sera ya miaka iliyopimwa kwa mtihani wa kawaida, ni kujumlisha kilo na mita. Kule Tennessee, Marekani, kuanzia 1985 watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 na ya 22 hadi 25, wale wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi. Makala yenu haikutaja hata darasa lilitoka wangapi likabaki na wangapi, na hilo ndo swali la kwanza mwalimu yeyote angewauliza.

Mwalimu, msomaji wenu