Risala ya Wazazi na Vijana Wanaozungumza Kiswahili Mjini Syracuse kwa Mgeni Rasmi, Katika Hafla ya Kuzindua Picha ya Ernie Davis

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kocha Mkuu wa timu ya shule wanakosoma vijana wetu;
Waheshimiwa walimu mlioambatana naye;
Wazee wetu, akina mama na akina baba;
Vijana wachezaji;
Mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Tunakushukuru wewe pia, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu, maana tumeishi katika jimbo la New York muda wa kutosha kujua kwamba kocha wa futiboli ya Kimarekani hana jioni ya kugawa msimu ukiwa katikati.

Risala hii inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyojifunzia kusoma risala. Wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tulipitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, ambako mgeni alikuwa haondoki bila kusomewa walau karatasi mbili za shukrani na maombi. Kijana aliyesimama kuliani kwako, ambaye unamfahamu vizuri kwa kuwa ni mchezaji wako, atakutafsiria sentensi kwa sentensi. Tumemwonya asiiruke sehemu ya maombi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekualika utuzindulie picha ya Ernie Davis, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Syracuse aliyeingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Futiboli ya Vyuo, nyumba ya kuwaenzi wachezaji bora wa vyuo, mwaka 1979, yaani miaka 16 baada ya kuzikwa. Huenda ukajiuliza imekuwaje watu waliokulia kwenye mpira wa duara, tena ule wa chandimu uliosukwa kwa mifuko ya nailoni na kamba, wakachagua kutundika picha ya mtu aliyecheza mpira wenye umbo la papai, ambao unaitwa wa miguu lakini unabebwa mikononi. Swali hilo liliulizwa na mama mmoja katika kikao chetu cha kwanza, na halijapata jibu la kumridhisha hadi leo. Sababu ya picha, hata hivyo, tunayo.

Ilianza na namba. Vijana wetu walikuwa wakirudi nyumbani wakigombania jezi namba 44, kila mmoja akidai aliiomba kwanza, na sisi wazazi hatukuelewa ugomvi huo mpaka tulipoelezwa kwamba katika mji huu namba 44 ina ukoo wake. Katika timu ya chuo aliivaa Jim Brown, akaipokea Ernie Davis, kisha Floyd Little, na chuo kikaistaafisha rasmi mwaka 2005 ili asiivae mwingine. Namba ya posta ya chuo ni 13244, na simu zake zinaanza kwa 443, zote zikiwa zimechaguliwa kwa makusudi kwa heshima ya jezi hiyo. Sisi ambao tumeandika anwani hiyo kwenye bahasha kadhaa za kuombea watoto wetu nafasi tulikuwa tukiiandika jezi ya Davis bila kujua.

Ernie Davis alizaliwa tarehe 14 Desemba 1939 katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali kabla hajazaliwa, na malezi yake ya mwanzo yalikuwa mikononi mwa babu na bibi yake katika mji wa Uniontown, ambako alikuwa mtoto mwenye kigugumizi, mwepesi miguuni na mzito kinywani. Alipofikisha miaka 12 alihamia Elmira kuishi na mama yake, katika mji ulio umbali wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa tulipo. Hapo kwenye kigugumizi ndipo akina mama wa kikundi hiki walipoanza kusikiliza kwa makini, kwa sababu hakuna nyumba miongoni mwetu ambayo haijawa na mtoto aliyekaa darasani mwaka mzima akiwa kimya, si kwa kukosa la kusema, bali kwa kuogopa namna litakavyotoka.

Aliingia Chuo Kikuu cha Syracuse, Jim Brown mwenyewe akiwa mmoja wa waliomshawishi, na kwa kuwa kanuni za wakati huo hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa, alicheza misimu 3 tu, kuanzia 1959 hadi 1961. Katika msimu wa kwanza timu ya kocha Ben Schwartzwalder ilishinda michezo yake yote 11 na kuwa bingwa wa taifa, ubingwa ambao chuo hiki hakijaurudia.

Mchezo wa mwisho wa msimu huo ndio uliotufanya tumchague. Ulichezwa Dallas, Texas, tarehe 1 Januari 1960, dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, ambacho timu yake nzima ilikuwa ya wachezaji weupe. Davis alikuwa amejeruhi msuli wa nyuma ya paja mazoezini, na hapakuwa na hakika kwamba angeweza kukimbia. Mapema kabisa alidaka pasi na kwenda nayo hadi mstari wa mwisho, yadi 87, ambazo kwa kipimo tulichokizoea ni zaidi ya mita 79, na paja ni lile lile bovu. Alifunga tena, akanyakua pasi moja ya wapinzani, na Syracuse ikashinda 23 kwa 14. Alitangazwa mchezaji bora wa siku. Usiku, kwenye karamu ya tuzo, akaelezwa kwamba yeye na wenzake weusi wangeweza kupokea walichoandaliwa na kisha kuondoka, kwa kuwa shughuli iliyokuwa ikifuata haikuwa ya watu wa rangi yao.

Tulipowasimulia vijana habari hii hapa ukumbini, mmoja alisema, "Kumbe walimpa kikombe wakamnyima kiti." Tuliiandika sentensi hiyo kwenye kumbukumbu za kikao, na tumeileta mbele yako kama ilivyo.

Mwaka 1961 alitunukiwa Tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata, na Rais Kennedy, aliyekuwa New York siku hiyo, akaomba kukutana naye. Alimaliza chuo akiwa amekimbia na mpira jumla ya yadi 2,386, kwa wastani wa yadi 6.6 kila alipoushika, akiipita rekodi ya Jim Brown. Alikuwa chaguo la kwanza kabisa la ligi ya kulipwa kwa mwaka 1962; timu ya Washington ndiyo iliyomchagua, ikambadilisha na timu ya Cleveland kwa kumpata Bobby Mitchell, na hapo Cleveland angekuwa anacheza bega kwa bega na huyo huyo Brown.

Hakucheza hata mchezo mmoja. Katika majira ya joto ya 1962, akiwa katika maandalizi ya mchezo wa nyota wa vyuo uliokuwa ufanyike Chicago, alilazwa hospitalini na kugundulika kuwa na saratani ya damu. Mara moja tu, mwezi Agosti, aliingia katika uwanja wa Cleveland ili watu wamwone, taa zikiwa zimepunguzwa na mwanga mmoja ukimfuata alikokwenda. Alifariki tarehe 18 Mei 1963, akiwa na miaka 23, na maelfu ya watu walipanga foleni mjini Elmira kumuaga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo tunapotaka kutofautiana kidogo na watu wengi wanaoisimulia habari hii, na tunaomba radhi kama wewe ni mmoja wao. Husimuliwa kama habari ya mtu aliyekatwa kabla hajaanza. Mzee mmoja wa kwetu, baada ya kusikia yote, aliuliza, "Alilipwa kiasi gani?" na alipojibiwa kwamba mchezaji wa chuo enzi hizo hakulipwa mshahara, aliguna na kusema basi huyo hakufika. Tulibishana naye jioni nzima. Ni kwa sababu ya ubishi ule tukaanza kuuchunguza huo Ukumbi wa Umaarufu wenyewe, tujue unaingiza watu kwa vigezo gani.

Tulichokuta ni hiki. Ukumbi huo wa vyuo, ulioanza kutangaza majina mwaka 1951, haumuulizi mtu alifanya nini katika ligi ya kulipwa. Unataka awe aliwahi kuteuliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa Marekani nzima angali mwanafunzi, unataka miaka 10 ipite tangu aache kucheza chuoni, na unatazama pia mwenendo wake kama raia. Wale wa ligi ya kulipwa wana ukumbi wao mwingine, uko Canton, Ohio. Huo ulimwingiza Jim Brown mwaka 1971 na Floyd Little mwaka 2010. Davis hayumo, wala hawezi kuwamo. Lakini ukumbi wa vyuo ulimwita yeye mwaka 1979, ukamwita Little mwaka 1983, na Brown, aliyemtangulia kwa umri, kwa jezi na kwa sifa, akaja kuitwa mwaka 1995. Kwa hiyo ukoo wote wa namba 44 unakutana chini ya paa moja tu, na katika paa hilo mwenyeji ni yule ambaye mzee wetu alisema hakufika.

Jengo lenyewe, kwa kuongezea tu, limehamahama kama sisi: wakati Davis anaingizwa lilikuwa Ohio, karibu na Cincinnati, likahamia South Bend, Indiana, mwaka 1995, na tangu 2014 liko Atlanta.

Habari hii inatuhusu kwa namna ya moja kwa moja. Vijana wetu 9 wako katika timu yako, na ukiwauliza leo usiku wote watasema wanakwenda ligi ya kulipwa. Hatuwakatazi. Tunachotaka ni kwamba kila wapitapo hapa waione sura ya mtu ambaye misimu yake 3 ya shule ilihesabiwa kuwa kazi kamili, ikapewa heshima yake bila kusubiri kiambatisho.

Mgeni Rasmi, risala bila changamoto haijakamilika, nasi tunazo mbili. Msimu uliopita kijana wetu mmoja alikaa nje wiki 5 kwa sababu fomu yake ya vipimo vya daktari ilijazwa upande wa mbele tu. Mama yake hakujua kwamba karatasi ina mgongo, na barua ya kumkumbusha ilikuja kwa lugha asiyoisoma. Hatuilaumu shule, ila tukikumbuka kwamba Davis aligundulika kuwa mgonjwa akiwa kijana anayejiandaa kucheza, hatupendi kuona vipimo vinageuka kuwa jambo la kukimbizana na karatasi. Changamoto ya pili ni usafiri: mazoezi yakiisha, basi la shule limekwisha kuondoka, na wengi wetu tuko kazini zamu ya jioni.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, mkutano wa wazazi wa kufungua msimu uwe na mkalimani wa Kiswahili na fomu hizo zitafsiriwe, kazi ambayo tuko tayari kuifanya sisi wenyewe bila malipo. Pili, utusemee kwa wahusika lipatikane basi la pili, hata kama ni siku 3 kwa wiki. Tatu, utuletee jina la mchezaji mmoja kila mwisho wa msimu, utakayemchagua kwa vigezo vile vile vya juhudi uwanjani na mwenendo nje ya uwanja, ili tuliandike kwenye ubao uliotundikwa chini ya picha hii. Tumeupima ubao huo. Unatosha majina 20.

Jambo la mwisho linahusu picha yenyewe. Tunafahamu kwamba sanamu ya Davis iliyozinduliwa chuoni mwaka 2008 ilikutwa na viatu vyenye alama ya kampuni ambayo enzi zake haikuwepo, ikabidi irekebishwe. Kijana aliyetuchorea hii aliambiwa habari hiyo mapema, na ameapa kwamba viatu amevichora kutoka kwenye picha ya mwaka 1960. Ukiona kosa, tafadhali mwambie yeye, yupo mstari wa pili, mwenye sweta la buluu.

Baada ya kusema hayo, tunaomba kuwasilisha, na tunakukaribisha kwa heshima zote usogee mbele uivute kanga iliyofunika picha. Kamba iko upande wa kushoto. Uivute taratibu, Mheshimiwa, kwa kuwa msumari ni mmoja.