Kuhani aliiba nini?

Ndugu Mhariri,

Kila Jumamosi huanza gazeti lako kwa ile hadithi ya mfululizo ya kuhani wa Thoth, mungu wa maandishi wa Misri ya kale, aliyefukuzwa hekaluni kwa aibu, akaacha shajara inayomuua kila anayeifungua. Mwandishi ana kipaji, hilo silibishi; pale kuhani anapovuliwa vazi lake la kitani mbele ya wenzake niliiacha chai ikapoa.

Ninalolalamikia ni laana yenyewe. Shajara ina jalada la ngozi na kurasa zinazojifunua, ilhali kuhani wa zama za Ramses angeandika kwenye gombo la mafunjo au, akifilisika, kwenye kigae. Isitoshe, Wamisri wenyewe walikwisha kutunga kisa kizito zaidi. Katika hadithi ya Setne, mwana wa farao, iliyomo kwenye gombo la zama za Watolemi, wafalme wa Misri wenye asili ya Kigiriki, linalohifadhiwa Cairo, Naneferkaptah, mwana wa mfalme wa zamani zaidi, anakifuata kitabu alichokiandika Thoth kwa mkono wake, kilichozamishwa katika maji ya mji wa Koptos ndani ya masanduku yaliyotiwa moja ndani ya jingine, la nje la chuma, la ndani kabisa la dhahabu. Nyoka anayekilinda anauawa mara mbili na kufufuka mara mbili. Mara ya tatu Naneferkaptah anamkata vipande viwili na kutia mchanga katikati ili visiungane. Kisha ananakili maneno yote kwenye mafunjo mapya, anayalowesha kwa bia, anayayeyusha majini na kuyanywa.

Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa hapo. Bibi yangu alininywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi, na ingawa kombe ni tiba wala si wizi, najua neno linavyoshuka kooni.

Wizi ndio uliomponza Naneferkaptah. Thoth anamshtaki kwa Ra, mungu jua, na mtoto wake, kisha mkewe, kisha yeye mwenyewe wanakufa maji. Setne naye, aliyekuja baadaye kukitwaa kitabu kaburini mwa Naneferkaptah, analazimika kukirudisha akiwa na fimbo yenye panda mkononi na chetezo cha moto kichwani. Kila mmoja anajua analipia nini. Katika toleo lililopita, mtumishi aliyeifuta shajara vumbi tu ameanguka akafa, na sijaona kosa lake.

Kwa kuwa sura bado zipo, namwomba mwandishi atueleze kuhani huyo aliiba nini, na kwa nani.

Msomaji wenu,
Tanga