Kwa nini hatukujazii maganda ya risasi

Mahindi yakianza kukomaa na nguruwe pori wakaanza kushuka mashambani, kuanzia Sikonge hadi Kaliua, ombi linaloletwa dukani kwetu hapa Tabora mjini huwa lilelile. Mzee anaweka mezani mfuko wa maganda matupu ya shotigani: "Fundi, hizi huwezi kunijazia?" Ameona kwenye simu Wamarekani wakijaza risasi nyumbani kwao, na bei ya risasi mpya anaijua. Jibu letu ni hapana.

Suala la sheria ni fupi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakupa leseni ya kumiliki bunduki. Haikufanyi mtengenezaji wa risasi.

Penye hatari hasa ni kwenye baruti. Wengi wetu tumekua tukiona babu akishindilia gobore, tukadhani baruti zote ni moja. Sivyo. Baruti nyeusi ya gobore na ile isiyo na moshi iliyo ndani ya risasi za kiwandani haziwaki kwa nguvu sawa, na kipimo cha kifuniko cha chupa kilichomtosha babu, ukikijaza hiyo ya pili, kinaweza kukupasulia mtutu usoni. Hata hizo zisizo na moshi zenyewe zina aina nyingi, kila moja na kipimo chake. Wanaojaza kwa umakini huko Marekani hutumia mizani inayopima chini ya sehemu ya kumi ya gramu, na bado kuna anayejikuta ameweka baruti mara mbili kwenye ganda moja, au amesahau kuiweka kabisa.

Huyu aliyesahau ndiye anayenitisha zaidi. Fataki, yaani kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, peke yake inaweza kusukuma kizibo na marisau (vile vigololi vya risasi) hadi katikati ya mtutu, vikakwama humo. Mpigaji anasikia mlio hafifu, analaani, anaweka risasi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inayopasua mtutu.

Kwa hiyo hata kama risasi zako ni za kiwandani, ukisikia mlio dhaifu usiendelee. Toa risasi zote, kisha chungulia mtutu kutokea nyuma uone kama mwanga unapita. Na ukivuta kifyatulio risasi isilie, usiifungue bunduki papo hapo: ielekeze mahali pasipo na mtu, subiri angalau nusu dakika. Kuna risasi zinazochelewa kuwaka.

Soma pia maandishi ya kwenye ganda. Bunduki iliyoandikwa 12/70, yaani geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) na chemba, pale risasi inapokaa, ya milimita 70, haitaki risasi ya 12/76, yenye urefu wa milimita 76, na hapa wengi hudanganyika kwa sababu inaingia bila shida. Urefu huo ni wa ganda likishafunguka. Kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa, hivyo huonekana fupi. Ikilipuka, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda. Risasi ya geji 20 nayo hupita kwenye chemba ya geji 12 na kukwama mbele yake, ndiyo maana viwanda vingi huipaka njano. Usizichanganye kwenye mkoba mmoja.

Risasi nyingi tunazoletewa kwamba "zimegoma" zimeharibiwa na utunzaji. Mkulima wa tumbaku anazificha karibu na bani la kukaushia tumbaku, joto linazipiga msimu mzima. Mwingine anazipaka mafuta zisishike kutu masika, mafuta yanapenya hadi kwenye fataki. Zifute kwa kitambaa kikavu tu, uzifungie kwenye sanduku la chuma pakavu, mbali na moto na watoto. Zilizolowa au kuota ukungu wa kijani zipeleke polisi. Usizitupe chooni wala kwenye moto wa takataka.

Kukagua chemba na mtutu kabla ya msimu ni kazi tunayoifanya hapa, na mara nyingi unasubiri tu ukaondoka nayo. Njoo na leseni yako mkononi. Bila hiyo hatuipokei bunduki, hata kama tunafahamiana.